Karo ya chuo kikuu kutoka serikalini: mambo ya kutengeneza mtoto akiwa bado sekondari

Ukipita saiba za Ukunda, Malindi au Mwembe Tayari wiki zile barua za vyuo zinapotoka, utakuta foleni ya vijana na wazazi wao, kila mtu na bahasha ya kaki mkononi. Mmoja hana cheti cha kifo cha babake. Mwingine jina lake ni Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa na Mwanakhamisi kwenye matokeo ya KCSE. Wa tatu anatumia laini ya simu ya mjomba. Wote wamepita mtihani, na wote wanaweza kukosa pesa, au kupata chache kuliko wanazostahili.

Makala haya yanamlenga mzazi mwenye mtoto Kidato cha Tatu au cha Nne, na mwanafunzi mwenyewe. Ufadhili wa karo unaombwa baada ya matokeo, lakini karibu kila kitu kinachoamua utapata kiasi gani huwa kimeshatengenezwa, au kimeshaharibika, kabla ya hapo.

Mfumo wenyewe

Zamani mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma aliyeingia kupitia serikali alilipa karo ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, tajiri na maskini sawasawa, na serikali ikituma sehemu yake moja kwa moja chuoni. Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya, ulioanza na watahiniwa wa KCSE ya 2022. Sasa pesa zinamfuata mwanafunzi. Karo ya kozi inagawanywa mara tatu: ufadhili usiorudishwa, unaosimamiwa na Hazina ya Vyuo Vikuu; mkopo kutoka HELB; na sehemu inayobaki kwa familia.

Mgao huo unategemea umewekwa kundi gani. Makundi ni matano, na vijana wenyewe huyaita bendi. Bendi ya kwanza, ambayo ni ya familia zenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Bendi ya pili, hadi 23,670 kwa mwezi, ni 60, 30 na 10. Ya tatu, hadi 70,000, ni 50, 30 na 20. Ya nne, hadi 120,000, ni 40, 30 na 30. Anayezidi hapo yuko bendi ya tano: ufadhili 30, mkopo 30, na familia inabeba 40.

Tuchukue kozi inayogharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Mtoto wa bendi ya kwanza anafadhiliwa 140,000, anakopeshwa 50,000, na nyumbani wanatafuta 10,000. Mtoto huyo huyo akiwekwa bendi ya tatu, ufadhili unashuka hadi 100,000, mkopo unapanda hadi 60,000, na nyumbani wanatakiwa 40,000. Kwa miaka minne familia italipa 160,000 badala ya 40,000. Kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi, tofauti hiyo inatosha kumrudisha mtoto nyumbani muhula wa pili.

Juu ya karo kuna mkopo wa matumizi, yaani chakula, chumba na vitabu: 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, ukishuka kwa 5,000 kila bendi hadi 40,000 kwa ya tano. Huo nao ni deni. Mikopo ya HELB ina riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Nyumba nyingi za huku kwetu hazitaki riba, na hilo ni jambo la kuzungumzwa kikao cha familia mapema, si kwenye foleni ya saiba. Ufadhili hauna riba wala haurudishwi. Kwa hiyo swali ni moja: ile asilimia 25 au 30 ya mkopo, tukiiacha, tutaitoa wapi?

Wapo waliokwenda kortini kuupinga mfumo huu. Desemba 20, 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba unakiuka katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo na mfumo ukaendelea. Kesi isimfanye mtu akae kungoja. Jiandae kwa mfumo uliopo.

Gredi, na masomo unayochagua

Mlango wa kwanza ni KCSE. Shahada inataka C+ kwenda juu. Mwaka 2024 waliopata alama hiyo walikuwa 246,391, takriban mmoja kati ya wanne waliofanya mtihani. Stashahada inataka C-, na cheti cha ufundi kinataka D. Wa vyuo vya kiufundi nao wana ufadhili na mkopo wao, kwa hiyo aliyepata C- asidhani serikali imemsahau.

Tangu 2023 gredi ya jumla inahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Wengi walifurahi, na kwa haki. Lakini gredi ya jumla inakufikisha mlangoni tu. KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, huangalia masomo manne ya kundi la kozi husika, na kila kozi ina masharti yake. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari anahitaji C+ kwenye masomo mawili atakayofundisha. Anayetaka uhandisi hawezi kuikwepa Fizikia.

Ndiyo maana nasema safari huanza siku mtoto anapochagua masomo. Nimeona wasichana wazuri wa Kemia wakiachishwa Fizikia kwa sababu shule ilikuwa na mwalimu mmoja, na baadaye wakashangaa kwa nini nusu ya kozi za sayansi hazifunguki kwao. Mzazi, nenda shuleni uulize. Hutahitaji kujua Fizikia ili kuuliza mtoto wako anaifanya au haifanyi. Na wale wa mtaala mpya, walioingia Gredi ya 10 mwaka 2026, wana mkondo waliochagua, na mkondo huo utafunga na kufungua milango vivyo hivyo. KCSE ya mwisho itafanywa 2027.

Kosa ninalolichukia

Ufadhili hupewa mwanafunzi aliyepangwa na KUCCPS katika chuo cha umma. Rudia sentensi hiyo mbele ya mtoto wako. Akipangwa chuo kikuu cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, ila ufadhili hapati. Akienda mwenyewe chuoni, hata kiwe cha umma, akapewa barua ya kujilipia, hapo hakuna ufadhili. Wapo mawakala wanaozunguka mitaani na fomu za vyuo mara matokeo yakitoka, wakiwaambia watu nafasi zinaisha. Mzazi ana hofu, analipa, na mtoto anaanza masomo kwa karo kamili wakati C+ yake ingempa nafasi ya serikali. Huku Pwani tuna Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Voi, vyote vya umma, vyote vinapokea wanafunzi wa KUCCPS. Subiri tovuti ifunguliwe, omba, kisha usubiri upangwe.

Karatasi za kuanza kutafuta leo

Cheti cha kuzaliwa kwanza. Kiangalie kwa herufi, kwa sababu usajili wa KCSE hufanywa mapema mwaka wa Kidato cha Nne na jina litakaloingia hapo ndilo litakaloandamana na mtoto maisha yake. Kama cheti kina kosa, lirekebishwe kabla ya usajili. Kurekebisha jina kwenye cheti cha mtihani ni safari nyingine kabisa.

Kitambulisho pili. Aliyetimiza miaka 18 aende kwa chifu mara moja. Hapa Pwani jambo hili lina uzito wake. Wamakonde wa Kwale walingoja hadi 2017 kupewa vitambulisho, na Wapemba wa Kilifi na Kwale hadi 2023. Katika nyumba hizo mzazi amepata kitambulisho akiwa na watoto wakubwa, na karatasi za watoto bado zinafuatwa. Mwenye hali hiyo aanze Kidato cha Tatu. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, na laini hiyo inahitajika kwenye maombi.

Tatu ni vyeti vya vifo, na hapa ndipo yatima wengi hukwama. Kwetu maiti huzikwa siku ile ile, na mara nyingi hakuna anayekumbuka karatasi. Aliyefia hospitali ana rekodi. Aliyefia nyumbani hupitia kwa naibu wa chifu, na miezi sita ikipita unaingia usajili wa kuchelewa, wenye mashahidi na nenda rudi nyingi. Mtoto aliyefiwa na baba mwaka wa Kidato cha Kwanza akikosa cheti hicho, mashine itamhesabu kama ana wazazi wawili wanaojiweza.

Nne, barua ya mfadhili wa sekondari. Hii watu huidharau. Mfumo hukadiria uwezo wa familia kwa mambo kadhaa: mapato, idadi ya wanaotegemea, eneo, ulemavu, hali ya wazazi, na pia shule ulizosoma na karo iliyolipwa. Mtoto wa mvuvi wa Vanga aliyesoma shule ya kitaifa kwa basari anaonekana kwenye kompyuta kama mtoto wa tajiri. Barua inayosema nani alilipa, kiasi gani, na miaka gani, ndiyo inayosahihisha picha hiyo. Iombe kabla ya kuondoka shuleni, iwe na muhuri. Aliyelipiwa na shangazi au msikiti naye aombe barua.

Ongeza nakala za vitambulisho vya wazazi, picha ya pasipoti, nambari zako za mtihani wa msingi na wa sekondari, na wadhamini wawili wa mkopo wenye vitambulisho. Anwani ya barua pepe iwe ya mtoto mwenyewe na neno la siri alijue yeye. Zile zinazofunguliwa na kijana wa saiba hupotea naye akihama mtaa.

Kujaza mapato bila kujidanganya

Fomu inauliza familia inapata kiasi gani kwa mwezi. Mwenye mshahara atajibu kwa dakika moja. Mvuvi je? Kaskazi bahari ikitulia anaweza kurudi na samaki wa maelfu, na kusi ikivuma akakaa wiki tatu akishona nyavu. Mkwezi, mwendesha bodaboda, mwenye kibanda ufuoni anayetegemea wageni wa Desemba, wote ni hivyo. Jambo la haki ni kujumlisha mwaka mzima, kutoa gharama za kazi, kisha kugawanya kwa 12. Nimewahi kukaa na jirani tukafanya hesabu hiyo kwenye gamba la boksi. Alikuwa ameandika 30,000 kwa kuona aibu. Hesabu ilitoka chini ya 14,000, na kiasi hicho kinamtoa bendi ya tatu na kumweka ya pili.

Kudanganya kwa kushusha sikupendekezi, maana maelezo hulinganishwa na rekodi nyingine za serikali. Lakini kujikweza kwa fahari nako ni hasara, na kwetu ndiko kunakozidi.

Baada ya kuomba

Ukiwekwa bendi isiyolingana na hali yako, kuna nafasi ya kukata rufaa kwenye tovuti ile ile ya maombi. Rufaa yenye karatasi ina uzito, yenye maelezo matupu haina. Ambatisha cheti cha kifo, barua ya mfadhili, barua ya hospitali kama kuna mgonjwa wa muda mrefu nyumbani, na barua ya chifu. Mkopo huombwa upya kila mwaka, na wengi wa mwaka wa pili hukosa kwa sababu walidhani wameshamaliza.

Basari ya kaunti na ile ya eneobunge ziombwe pia, kwa ajili ya ile sehemu ya familia. Fomu zao hutolewa kwa wadi, na hapo tena utaulizwa nakala za karatasi zile zile. Tengeneza seti tatu, moja ibaki nyumbani mahali pakavu.