Tonge na Ushirika: Lugha ya Meza katika Kanisa la Freretown na Rabai

Wanahistoria walioandika juu ya Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa na Church Missionary Society huko Kisauni, Mombasa, mwaka 1875, aghalabu wameshughulika na mikataba, maaskofu na manowari. Makala haya yanakusudia kutazama jambo dogo kwa umbo, bali si dogo kwa uzito: jinsi watu waliong'olewa makwao walivyopata kuwa ndugu kwa kula pamoja, na jinsi Kiswahili kilivyoihifadhi safari hiyo.

Baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa 1873 uliofunga masoko ya watumwa, manowari za Kiingereza zilihitaji mahali pa kuwateremshia watu waliotekwa kutoka majahazini. Ndipo mchungaji W. S. Price alipopata ardhi Kisauni. Walioletwa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila kundi na lugha yake. Waliowapokea, akina William Jones na Ishmael Semler, walikuwa wenyewe watumwa waliokombolewa, wakasomeshwa Sharanpur karibu na Nasik, Bara Hindi, kisha wakafika Rabai mwaka 1864. Hapana ukoo mmoja uliowaunganisha watu hawa, wala kaburi la babu mmoja. Na katika jamii ya pwani ya zama zile, asiye na ukoo hakuwa na wa kumdhamini.

Yafaa basi tutenganishe maneno mawili: posho na chakula. Posho hupimwa kwa kibaba, kichwa kwa kichwa, na mwenye kuipokea hubaki chini ya mkono wa mwenye kuitoa. Chakula cha sinia hakipimwi. Kila mkono humega upande wake, na adabu ndiyo kibaba. Misheni ilianza kwa posho, na pamoja na posho zikaja amri. Mapema katika miaka ya 1880 palizuka malalamiko makubwa juu ya viboko walivyopigwa wakazi wa Freretown. Uhuru wa karatasi, kumbe, haukuwa uhuru wa mwili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii husomwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu, lakini ina maana nyingine pia: mwenye jembe hupata mavuno, na mwenye mavuno aweza naye kukaribisha. Mateka aliyekaribisha mgeni kwake alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji.

Tukigeukia lugha ya ibada, twaona meza hiyo hiyo. Biblia ya Kiswahili husema mkate humegwa. Kitenzi hicho hakina ugeni wa kikanisa hata kidogo. Ni kitenzi cha tonge la sima. Mtu wa bara aliyelelewa kwa sima hakuhitaji mwalimu wa kumfasiria kumega maana yake nini. Kadhalika tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version, ya mwaka 1952, katika Sala ya Bwana imeweka neno riziki, ilhali Wakatoliki husema mkate. Riziki yaweza kuwa muhogo, mtama au samaki. Haimlazimu mwenye kusali kula cha mwingine.

Neno ushirika lina historia ngumu zaidi. Shina lake la Kiarabu lilikuwa limekwisha kuzaa shirika, yaani ubia wa mali, na vilevile shirki, dhambi ya kumfanyia Mungu mwenza, ambayo kwa Mwislamu hapana iliyo kubwa kuliko hiyo. Kanisa lililojengwa katikati ya Waislamu likalichukua shina hilo hilo kutajia jambo lake takatifu mno. Tunaona kwamba maana ya ubia ndiyo iliyolibeba neno hilo: washirika ni watu wenye fungu katika kitu kimoja, faida na hasara.

Hasara hiyo ilijaribiwa Rabai mwaka 1888. Watoro wengi waliotoka kwa mabwana wa pwani walikuwa wamekimbilia huko na kukaa miongoni mwa Wakristo, chini ya uchungaji wa Jones. Wenye watumwa wakadai warudishiwe watu wao. Kuwatoa kungekuwa kuwauza watu waliokwisha kuwa jirani na wenzi wa meza. Jambo lilikwisha tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company alipowalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Hati hizo zilitolewa na kampuni, na historia imemtaja mtoaji. Lakini kabla ya hati, watoro wale walikuwa wamekwisha kupokewa na watu waliojua utumwa ni nini. James Juma Mbotela, mzaliwa wa Freretown, alipochapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, aliwaandikia wasomaji habari za ukombozi. Imetubakia sisi wachunguzi wa lugha kuandika habari za mapokezi, na ushahidi wake mwingi umo katika maneno tunayoyatamka kila siku mezani.