Nani Ameshika Nakala?

Mwaka wa 1928, Siti binti Saad na wanamuziki wenzake walipanda meli Zanzibar wakaenda Bombay, India, kurekodi nyimbo zao na kampuni ya Gramophone, ile ya chapa ya His Master's Voice. Sauti zao zilivuka bahari, zikachapwa kwenye santuri, kisha zikarudi kwa meli kuuzwa katika pwani hii yetu. Siti alifariki mwaka wa 1950. Leo ukitaka kumsikia unaweza, na sababu kubwa ni kwamba kuna watu walizinunua zile santuri wakazitunza, mpaka wengine wakaja kuzinakili.

Santuri za wakati huo zilikuwa nzito, na ukiangusha moja imevunjika kama kisahani cha chai. Kila upande ulibeba kama dakika tatu tu za wimbo. Mmoja akinunua, majirani walisikiliza. Lakini kilikuwa kitu cha kushika. Ungeweza kukiazima, kukiuza, kukirithisha, hata kukificha uvunguni. Hakuna mtu Bombay angeamka asubuhi moja akaamua kwamba santuri yako haitalia tena.

Nalisema hili kwa sababu kizazi changu, sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, tunasikiliza muziki mwingi kuliko watu wote waliotutangulia, na wengi wetu hatumiliki hata wimbo mmoja. Tuko na YouTube, Boomplay, Mdundo, na tangu Februari 2021 tuko na Spotify. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe nimeijua benga ya Shirati Jazz kupitia simu, nikiwa ndani ya matatu, Thika Road imefunga. Swali langu ni la historia: hizi ngoma zikipotea kwa simu, nani atakuwa ameshika nakala?

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya sitini na sabini, Nairobi lilikuwa jiji la santuri. Equator Sound Studios ya Charles Worrod ilikuwa na bendi yake, na ndani yake walipita Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa hapa hapa mjini. Bendi za Tanzania na za Kongo zilikuja kurekodi, na River Road na mitaa jirani ilijaa maduka yenye spika mlangoni. Kitu kilichouzwa sana kilikuwa ile santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Kwa kuwa upande mmoja haukutosha kubeba wimbo mrefu, wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Ukitaka kufika pale gitaa linapochachamaa, inuka ugeuze sahani.

Kisha biashara ikafifia. Kampuni kubwa za nje ziliondoka au zikafunga kazi, vya ndani vikauzwa au vikafa, na kanda nyingi za awali, zile zilizotoka studio, hazikupata mtu wa kuzitunza. Hapa ndipo historia inapochekesha. Mwingereza mmoja, John Storm Roberts, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari Kenya, alikuwa amekusanya santuri zetu. Baadaye, akiwa Marekani, alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Original Music, na miaka ya themanini akatoa mikusanyiko miwili, Before Benga, yenye nyimbo za Kenya za miaka ya nyuma. Fikiria hilo. Sehemu ya kumbukumbu ya Nairobi ilivuka miaka ishirini kwa sababu mtu mmoja alipenda sahani zake akazibeba akihama.

Wakati santuri inakufa, kaseti ilikuwa imeshaingia nyumbani. Philips waliitoa mwaka wa 1963, na kufikia miaka ya themanini ndiyo ilikuwa mfalme huku kwetu. Ilikuwa rahisi, iliingia mfukoni, ilicheza kwa matatu, na ikijikunja uliirudisha kwa kalamu ya Bic. Zaidi ya yote, ungeweza kuinakili nyumbani. Hapo ndipo wanamuziki walipoumia. Msanii alitoa kanda Jumatatu, Ijumaa imejaa mtaani na hakuna shilingi iliyomrudia. Mtu asikudanganye kwamba enzi ya kaseti ilikuwa peponi. Wezi wa kazi walishiba na waliotunga wakazeeka bila kitu.

Lakini kanda hizo hizo zilifanya kazi nyingine. Mwaka wa 1990, baada ya makazi ya Muoroto hapa Nairobi kubomolewa na watu kubaki bila makao, zilitokea kanda za nyimbo za Kikuyu zilizoimba juu ya ubomoaji huo na juu ya siasa za wakati ule. Redio ya serikali haingezicheza. Ziliuzwa kando ya barabara, zikapigwa ndani ya matatu. Serikali ikakasirika, polisi wakaanza kuwakamata wauzaji na kutwaa kanda. Angalia jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu: ili kunyamazisha wimbo, ilibidi wamtafute kila mchuuzi, kila dereva, kila nyumba yenye redio. Wimbo ulikuwa umetawanyika kwa maelfu ya mikono. Hakukuwa na swichi moja ya kuuzima.

Leo swichi ipo. Sisemi kuna mtu ameibonyeza. Nasema ipo, na haiko mikononi mwetu. Ukilipia programu ya muziki hununui wimbo, unalipia ruhusa ya kuusikiliza mradi masharti yanatimizwa. Hata ule wimbo "uliopakua" si wako. Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulichohifadhi kwa simu kinafungwa. Januari 2022 Neil Young aliamua nyimbo zake ziondoke huko, zikaondoka, na zilirudi alipotaka yeye. Mwezi Machi 2021, mkataba wa Spotify na kampuni ya Kakao ya Korea ulipokwama, nyimbo nyingi za K-pop zilipotea kwa siku kadhaa duniani kote. Mashabiki walilia mtandaoni, ikasaidia. Sasa niambie, siku nyimbo za bendi ya zamani ya Machakos zikiondoka, nani atapiga kelele?

Na zinaweza kuondoka kimyakimya. Msanii mdogo hapeleki wimbo moja kwa moja kwa hizi programu, anapitia msambazaji. Baadhi ya wasambazaji hutoza ada kila mwaka, na ada isipolipwa nyimbo huondolewa. Msanii akifa, na watoto hawajui nenosiri wala kadi ilikuwa ya benki gani, muziki wake unazimika kama stima isiyolipiwa. Halafu kuna pesa. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haupati mgao wa Spotify. Ngoma ya leo ya vijana inafikisha hiyo kabla ya chakula cha mchana. Wimbo wa mzee wa miaka ya sabini, unaosikilizwa na watu mia mbili wanaoupenda sana, haupati kitu. Basi familia itaulipia wa nini?

Hata kampuni zenyewe hazina uhai wa milele. Safaricom, na ukubwa wake wote, ilizindua programu yake ya muziki, Songa, mwaka wa 2019. Leo haipo. Google Play Music ilifungwa mwaka wa 2020. MySpace, ambayo wakati mmoja ilikuwa makao ya wasanii chipukizi wa dunia nzima, ilikiri mwaka wa 2019 kwamba ilipoteza muziki uliopandishwa huko kwa miaka 12 ilipokuwa ikihamisha mitambo. Nyimbo kama milioni 50, mara moja. Hakuna moto, hakuna mafuriko. Na hatujasahau Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, wala tarehe 25 Juni mwaka huo huo, mtandao ulipovurugika watu wakiwa barabarani. Siku kama hizo ndizo unajua ni nini hasa kiko kwa simu yako.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilikatika. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa na nenosiri la maktaba ya mtandaoni: majarida, vitabu, makala za historia ambazo singeweza kununua hata nikiuza godoro. Muhula uliofuata nenosiri lilikataa. Vitu vyote nilivyokuwa nimevisoma bado vilikuwa huko, sema tu mlango ulikuwa umefungwa na mimi niko nje. Nilivyobaki navyo ni vitabu vya mkono wa pili nilivyonunua kando ya barabara mjini. Ni vichache, vingine vimechanika jalada, lakini hakuna aliyenibishia hodi kuvidai. Kusoma kitu na kuwa nacho ni mambo mawili, na tofauti yake huijui mpaka siku mlango unafungwa.

Kati ya kaseti na programu kuna kipindi chetu wenyewe, ambacho naona tunakidharau. Ni kile cha sidii za kuchomwa, cha memory card, cha kutumiana ngoma kwa Bluetooth simu zimegusana. Ulienda movie shop na flash yako, jamaa akakujazia mia moja za genge na mchanganyiko wa DJ juu yake. Ubora ulikuwa mbaya, majina ya nyimbo yameandikwa vibaya, na msanii hakupata kitu. Lakini jaribu leo kutafuta baadhi ya ngoma za Eastlands za mwanzo wa miaka ya 2000. Nyingi ambazo bado zipo zipo YouTube, na ukichunguza aliyezipandisha utakuta ni shabiki tu, mtu aliyetoa faili kwa kompyuta yake ya zamani akaona isipotee.

Wapo wanaosema mkusanyiko wa mtu binafsi nao ni hatari, na ni kweli. Utepe huota kuvu. Sidii hukwaruzika. Harddisk hufa bila kuaga, na mzee akifariki watoto hutupa maboksi kabla ya arubaini kwisha. Pia kuna suala la nani anakusanya. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alizunguka na mitambo yake akirekodi muziki, na miongoni mwa Wakipsigis akanasa ule wimbo wa Chemirocha. Kanda zilikwenda Afrika Kusini, na sasa ziko katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Zilitunzwa vizuri kweli. Lakini ilipita zaidi ya miaka sitini kabla ya nakala kurudishwa kwa jamii ile. Kutunziwa si sawa na kuwa nacho, hata anayekutunzia akiwa mtu mwema.

Ndiyo maana mfano unaonipa moyo ni wa nyumba moja ya Kikuyu. Joseph Kamaru aliimba tangu miaka ya sitini, na baada ya J.M. Kariuki kuuawa mwaka wa 1975 alitoa wimbo wa kulaani mauaji hayo, wakati wengi walikuwa wameshika midomo. Alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, Joseph Kamaru vilevile, ndiye huyo tunamjua kama KMRU, mtunzi wa muziki wa elektroniki. Mjukuu alichukua kazi za babu, akaanza kuzirekebisha na kuzitoa upya Bandcamp, mahali ambapo ukinunua wimbo unapakua faili, na faili ni yako. Hapo sioni vita kati ya zamani na mtandao. Naona mpangilio mzuri: nakala ilikuwepo kwanza, familia inaijua, kisha mtandao ukaibeba mbali.

Sheria nayo inatupa sababu. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ingawa haki ya mtunzi huendelea hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, rekodi za miaka ya sitini na za mwanzo wa sabini, kama rekodi, zimeshatoka mikononi mwa kampuni. Ni urithi wa wote. Lakini sheria haiwezi kukupa kitu ambacho hakipo. Haki bila nakala ni kama hati ya shamba lililomezwa na mto.

Kazi ya kutafuta nakala inafanywa na watu tunaowajua. Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, wamekuwa wakifuatilia historia ya benga na muziki mwingine wa Kenya tangu 2007. Kenyatta Market kuna Jimmy Rugami na kibanda chake cha santuri. Lakini watu wawili watatu hawawezi kubeba nchi.

Kwa hivyo mimi siachi kulipia programu. Nagundua humo, nacheza humo. Ila kuna nyimbo kama arobaini ambazo siwezi kukubali mtu mwingine aamue kama nitazisikia tena, na hizo nimezinunua pale zinapouzwa. Zikiwa haziuzwi, namtafuta mwenye santuri au kanda aniruhusu kunakili. Nimeziweka mahali pawili tofauti. Kila faili nimeliandika jina la msanii, bendi, mwaka kama unajulikana, na nani alinipa. Ni kazi ya jioni moja kwa mwezi. Waliotutunzia sauti ya Siti hawakujiita wanahistoria. Walinunua santuri waliyoipenda, wakaiweka mahali pakavu.