Difu Pacha za Landrova: Kwa Nje Sawa, Ndani Meno Tofauti

Wapenzi wa magari ya zamani, hii inawahusu.

Jamaa mmoja aliachiwa na marehemu baba yake Landrova 109 ya miaka ya 60. Difu ya nyuma ikaanza kugonga, kufungua, meno yameisha. Akapata nyingine iliyotumika, ikaingia kwenye ekseli bila shida. Kwenye lami gari likawa linakimbia balaa! Siku ya kwanza kwenye tope akaweka fowili. Gari likashtuka, likazima, hafu shafti ikakatika. Watu wakalaumu tope. Kumbe mambo yalianzia Uingereza zaidi ya miaka 50 nyuma.

Turudi huko kidogo. Landrova ya kwanza ilioneshwa Amsterdam, Uholanzi, Aprili 1948. Zilizokuja baadaye, yaani Series II ya 1958 na Series III ya 1971, zilibeba difu ya 4.7. Pinyoni ina meno 10, krauni meno 47. Maana yake propela shafti inazunguka mara 4.7 ndipo tairi lizunguke mara moja. Gari la shamba hilo: mwendo mdogo, nguvu nyingi.

Mwaka 1970 kampuni ile ile ikatoa Range Rover, injini ya V8 ya lita 3.5. Hii ilitakiwa kukimbia, ikapewa difu ya 3.54. Ajabu ni kwamba difu hiyo inakubali kuingia kwenye ekseli ya Landrova ya zamani. Wapenda mwendo wakaanza kuhamisha, na mpaka leo zimechanganyika. Ukiziona kwa nje ni mapacha.

Isipokuwa 109 za Series III. Hizo nyuma zilipewa ekseli ya Salisbury, unaijua kwa mfuniko wa bolti nyuma yake. Difu hizi haziingiliani nayo.

Sasa hasara iko wapi? Ukiweka 3.54, spidomita ikisoma 60, gari lenyewe liko karibu 80, na breki ni zile zile za zamani. Mlimani na mzigo linachoka. Mbaya zaidi ni nyuma 3.54 na mbele 4.7. Ukiweka fowili, propela zote mbili zinazunguka sawa, lakini matairi ya nyuma yanataka kwenda mbio kuliko ya mbele. Lazima kitu kiachie.

Fundi mmoja mzee alipoitwa kwa yule jamaa, aliomba chaki tu. Hafu shafti mpya ilishafungwa. Akaweka vigingi matairi ya mbele, akainua yote mawili ya nyuma na kuyakalisha kwenye stendi, gia fri, handibreki chini. Akachora alama kwenye tairi na kwenye propela.

"Shika hilo la kushoto lisizunguke, mwanangu," akamwambia. Yeye akazungusha la kulia mara 2 kamili, maana likishikwa moja, lingine huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa krauni. Propela ikapita tatu na nusu kidogo tu, ikasimama. Ingekuwa 4.7, ingekaribia tano. Jibu likapatikana: 3.54.

Akavuta handibreki, ambayo kwenye Landrova hizi hushika propela, siyo matairi. Akazungusha tairi moja, lingine likaenda kinyume. Hiyo ni difu ya kawaida, isiyo na loki. Yakigoma yote mawili, ujue kuna loki au klachi ndani. Na ndiyo sababu ukiinua tairi moja tu la nyuma, handibreki hailizuii gari. Watu wameumia hivyo, vigingi usisahau.

Uchungu ni kwamba jamaa angejua yote haya kabla ya kulipa. Difu ikiwa chini kwa muuza spea, meno yanaonekana. Hesabu ya krauni, gawa kwa ya pinyoni: 47 kwa 10 ni 4.7, 46 kwa 13 ni 3.54. Dakika tano tu. Badala yake amelipia hafu shafti, na difu inanunuliwa mara ya pili.

Vipi mdau, ya kwako umeshahesabu meno, au unaamini maneno ya muuzaji?