Tufani ya 1872: Mikarafuu Ilipolala Chini

Ukiisikia harufu ya karafuu kwenye pilau, ikumbuke tarehe 15 Aprili 1872. Siku hiyo, wakati wa Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja. Merikebu za Sultani na majahazi mengi yaliangamia bandarini, nyumba zikabomoka, na sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ikang'oka. Na mkarafuu si mchicha, ukipanda leo utangoja miaka ndiyo uchume.

Alhamdulillahi, kisiwa jirani cha Pemba kilisalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mashamba wakazidisha miche, na Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeficha nusu ya habari. Ni nani aliyechimba yale mashimo? Wengi walikuwa watumwa. Mwaka 1873 Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini utumwa wenyewe visiwani haukufutwa kisheria mpaka 1897. Hao ndio walioinua mashamba, na shamba halikuwa lao.

Basi Ramadhani hii, tukiwaombea waliotutangulia, tusiwasahau hao. Wabillahi tawfiq.