Shinyanga Inakunywa Mto Nile

Mwambie mtu wa Shinyanga kwamba maji anayokunywa ni ya Mto Nile uone atakavyocheka. Nile ni ya Misri bwana, ya Farao na piramidi, ya kitabu cha jiografia cha shule ya msingi! Lakini tangu mwaka 2009 bomba kubwa linaleta maji Kahama na Shinyanga kutoka Ziwa Victoria, na ziwa hilo ndilo tangi la Nile. Ninachotaka kueleza hapa ni kwa nini bomba lenyewe lilichelewa hivyo. Wengi husema ni umaskini. Ni kweli, lakini ilikuwapo pia karatasi.

Tuanze na ardhi. Mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria ni Kagera, ambao maji yake yanatoka milima ya Burundi na Rwanda. Kabla ya kufika ziwani unaporomoka pale Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda. Upande wa kaskazini ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda. Hapo zamani maji yalikuwa yanaruka mwamba mpana wenye kimo cha kama futi 12, kisha yanaanza safari ndefu ya kwenda bahari ya Mediterania. Wasoga wanauita mto huo Kiyira, na jina la Jinja limetokana na mawe.

Sasa sisi tuko wapi? Mvua ikinyesha Mwanza au Geita mjini, maji yanashuka ziwani, kwa hiyo wale wako ndani ya bonde la Nile. Shinyanga mjini siyo. Kati yetu na ziwa kuna mwinuko unaogawa maji. Mvua yetu inaingia Mto Manonga, Manonga unamwaga katika mbuga ya Wembere, na Wembere inaelekea Ziwa Kitangiri na Ziwa Eyasi, ambako maji hayana pa kutokea, yanakaushwa na jua. Mito yetu haina maporomoko. Kiangazi haina hata maji. Ni mchanga mtupu, na akina mama huuchimba mpaka wakute unyevu, wakangoja, halafu wakachota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka ndoo ijae.

Mwezi Julai 1858 Mwingereza John Speke aliondoka Kaze, yaani Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Burton mgonjwa. Alifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuuzwa utumwani mpaka India. Wakakata nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti wakaliona ziwa karibu na Mwanza. Wenyeji walikuwa wanaliita Nyanza siku zote. Speke akalipa jina la malkia wake. Miaka minne baadaye, tarehe 28 Julai 1862, akafika Jinja kwenye yale mawe, nayo akayaita Ripon, jina la rais wa chama cha wanajiografia cha London.

Majina yangebaki majina tu, lakini yalifuatwa na serikali. Mwaka 1882 Uingereza iliikalia Misri, na pamba ya Misri ilikuwa inalisha viwanda vya Lancashire. Pamba ile ilitegemea Nile. Huku kwetu Wajerumani nao, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, walikuwa na mpango wa kuvuta maji ya ziwa kumwagilia mbuga ya Wembere. Vita ikawaondoa, na Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza.

Tarehe 7 Mei 1929, mjini Cairo, Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, na Balozi Mkuu wa Uingereza, Lord Lloyd, wakabadilishana barua. Barua tu, kurasa chache! Zilisema kwamba bila ya ridhaa ya Misri, pasijengwe chochote cha umwagiliaji au umeme kwenye Nile, matawi yake au maziwa inakotoka, katika nchi zilizo chini ya Uingereza, ikiwa kitapunguza au kuchelewesha maji yaendayo Misri. Mtanganyika hakuulizwa. Yule mama wa Shinyanga mwenye kata mkononi hakujua kwamba kiu yake imeandikiwa masharti Cairo.

Mwaka 1954 Waingereza walifungua bwawa la umeme la Owen Falls hapo Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Maporomoko ya Ripon yakafunikwa na maji, na mwamba wake ukawa umevunjwa. Lakini kumbe haukufa. Ilikubaliwa kwamba bwawa liachie maji kwa kipimo kilekile ambacho mwamba ungeyaachia, na mhandisi wa Misri akawekwa Jinja kuangalia. Mwamba umevunjwa, hesabu yake ikabaki kutawala.

Uhuru ulipopatikana, Tanganyika iliijibu karatasi kwa karatasi. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Nchi huru haiwezi kurithi ahadi ambayo haikuitoa.

Vizuri. Lakini kutoka 1962 hadi 2009 ni miaka 47! Kusema hufungwi ni jambo moja, kupata fedha za bomba ni jingine. Benki ya Dunia, kwa mfano, ina kanuni kwamba mradi wa mto wa nchi nyingi haupewi mkopo mpaka nchi nyingine ziarifiwe. Wakati huohuo mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na wa Bulyanhulu, huko Kahama, mwaka 2001, yote miwili ikivuta maji ya ziwa kwa mabomba yake. Tusidanganyane: katika nchi yetu dhahabu ilikunywa kwanza, watu wakafuata.

Mwaka 2004, Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, serikali ilianza ujenzi kwa fedha zake yenyewe. Maji yanachukuliwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanasukumwa na pampu mpaka yanavuka ule mwinuko. Mwaka 2009 Rais Kikwete akauzindua mradi. Baadaye bomba likafika Nzega, Igunga na Tabora, kulekule Speke alikoanzia safari.

Simwonei Misri wivu. Kule mvua ni haba mno, na maji yao mengi yanatoka Ethiopia, si kwetu. Kiu yao ni ya kweli kama yetu. Ndiyo maana mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, uliofunguliwa Entebbe mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2024, unasema kila nchi itumie kwa haki bila ya kumuumiza mwenzake. Misri na Sudan hazijauridhia, kwa hiyo maneno bado hayajaisha.

Na sisi tuna letu la kujibu. Huko Geita wachimbaji wadogo wanaosha dhahabu kwa zebaki, na mvua ikinyesha maji yanajua njia ya kwenda ziwani. Haki ya kunywa tumeidai kwa barua. Haki ya kuchafua hatukuandikiwa na mtu.

Wenzangu mnaojifunza kuandika, zitafuteni barua zile mbili, ya 1929 na ya 1962, mzisome kwa makini. Hazina tamathali hata moja. Lakini moja iliufunga mto, na nyingine ikaanza kuufungua.