Orodha Isiyo na Jina la Mariamu

Mnamo mwaka wa 54 hivi, Paulo akiwa Efeso, aliwaandikia Wakristo wa Korintho barua. Ndani yake aliwataja watu waliotokewa na Yesu baada ya kufa na kuzikwa: Kefa, ndiye Petro; wale Thenashara; ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, wengi wao wakiwa bado hai; Yakobo; mitume wote; na mwisho kabisa, Paulo mwenyewe. Anasema alilowafundisha naye alilipokea. Barua hiyo ni ya zamani kuliko Injili zote nne. Kwa mwanafunzi wa historia, hapa ndipo pa kuanzia.

Sasa yarudie majina hayo. Hakuna mwanamke hata mmoja anayetajwa.

Injili zilianza kuandikwa karibu na mwaka wa 70, na habari zake za asubuhi ile zinapishana. Wanawake walikuwa wangapi? Walimkuta malaika mmoja au wawili? Yesu aliwatokea wanafunzi Galilaya au Yerusalemu? Kila mwandishi ana jibu lake. Lakini wote wanne wanamweka Mariamu Magdalene kaburini. Katika Yohana, ndiye wa kwanza kumwona Yesu. Anamdhania mtunza bustani mpaka anapoitwa kwa jina lake. Katika Marko, kwa mujibu wa nakala mbili za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, kitabu kinaishia pale wanawake wanapokimbia kwa hofu bila kumwambia mtu. Luka anawapa wanawake kaburi tupu, lakini anayetajwa kutokewa na Bwana ni Simoni. Mitume, anasema Luka, waliyaona maneno ya wanawake kuwa upuuzi.

Upuuzi huo ulikuwa na mizizi. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, aliandika kwamba ushahidi wa wanawake usikubaliwe. Karne iliyofuata, Celsus, mpinzani wa Ukristo, aliikejeli imani nzima kwa kuwa shahidi wake alikuwa mwanamke aliyepagawa. Maneno yake yametufikia kwa sababu Origen aliyanukuu ili ayajibu.

Wengi husema: basi habari ni ya kweli, maana nani angetunga uongo kisha amchague shahidi asiyeaminika? Hoja hiyo ina uzito, ila haibebi mzigo wote inaotwishwa. Kuomboleza na kuuhudumia mwili wa marehemu kulikuwa pia kazi ya wanawake. Msimulizi yeyote angewatazamia kaburini. Ninachoweza kusema kama mwanahistoria ni kidogo zaidi: kumbukumbu ya Mariamu ilikuwa imekita mizizi kiasi kwamba hata waandishi ambao ingewafaa kuiacha hawakuiacha. Kama kaburi lilikuwa tupu kwa sababu Mungu alitenda, hilo ni la imani, na hati zangu haziwezi kulithibitisha wala kulikanusha.

Mwaka 1896, huko Cairo, ilinunuliwa hati ya Kikopti yenye kitabu kiitwacho Injili ya Mariamu. Humo Petro anahoji kama kweli Mwokozi angezungumza faraghani na mwanamke. Kitabu hicho si taarifa ya asubuhi ya kaburini. Kiliandikwa baadaye sana. Lakini kinaonyesha kwamba ugomvi juu ya neno la Mariamu ulikuwa bado unaendelea.

Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu alihubiri kwamba Mariamu ndiye yule mwenye dhambi asiyetajwa jina katika Luka. Kwa karne nyingi Wakristo wa Magharibi walimjua kwa toba kuliko kwa ushahidi. Kanisa Katoliki liliwatenganisha wanawake hao katika kalenda yake mwaka 1969, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha kumbukumbu ya Mariamu, Julai 22, kuwa sikukuu sawa na za mitume.

Sidhani Paulo alidanganya. Orodha yake ilijibu swali la Korintho: ni nani anayeaminika kuhubiri? Waliotajwa kwa jina walikuwa viongozi wanaojulikana makanisani. Tumefundishwa kuanza na hati ya kale zaidi, na ni kanuni njema. Tukiishia hapo tu, hata hivyo, Mariamu hayumo.