Chuo cha umma Marekani: Je, kinaweza kukulazimisha uchanjwe au uvae barakoa?

Umepata nafasi chuo kikuu cha jimbo nchini Marekani, na kwenye barua kuna sharti la chanjo. Unaweza kukataa? Jibu fupi: inategemea uko jimbo gani. Katiba ya nchi hiyo peke yake haitakuokoa.

Mahakama zinasemaje?

Mwaka 1905, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Jacobson dhidi ya Massachusetts. Jacobson alikuwa amegoma kuchanjwa ndui, akatozwa faini ya dola 5. Alishindwa: jimbo lina mamlaka ya kulazimisha chanjo ili kulinda afya ya umma. Mwaka 1922, katika kesi ya Zucht dhidi ya King, mahakama hiyo ilikubali kwamba hata shule inaweza kumzuia mtoto ambaye hajachanjwa.

Kesi hizo za zamani zilirudi wakati wa corona. Mwaka 2021, wanafunzi 8 walikishtaki Chuo Kikuu cha Indiana kwa kuwataka wachanjwe. Mahakama ya rufaa iliwakatalia. Ilisema chuo hicho hata kilikuwa na huruma kuliko sheria ya 1905, kwani mwenye sababu za dini au afya aliruhusiwa kutochanjwa, ila avae barakoa na kupimwa. Walipokwenda Mahakama ya Juu, Jaji Amy Coney Barrett alitupa ombi lao.

Basi mipaka iko wapi?

*Sheria ya jimbo.* Chuo cha umma ni taasisi ya jimbo, hivyo bunge au gavana anaweza kukifunga mikono. Julai 2021, Gavana Greg Abbott wa Texas alipiga marufuku taasisi za serikali kulazimisha barakoa.

Lakini maneno ya sheria yana uzito. South Carolina, bunge liliweka kifungu kwenye bajeti, na mwanasheria mkuu wa jimbo akasema kinakataza agizo la barakoa chuoni. Profesa mmoja akaenda mahakamani. Agosti 2021, mahakama ya juu ya jimbo ikasema hapana: kifungu kinazuia chuo kuwabagua wasiochanjwa, hakizuii kuwavisha barakoa watu wote.

*Dini.* Chuo kikishaweka utaratibu wa kusamehe watu, hakiwezi kuwanyima waumini bila sababu nzito. Wanamichezo 16 wa Chuo Kikuu cha Western Michigan walikataliwa ombi lao la kidini, wakafungua kesi. Oktoba 2021, mahakama ya rufaa ilikataa kukiruhusu chuo kiwazuie kucheza.

*Afya.* Sheria ya shirikisho ya 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inakitaka chuo kimtafutie mwanafunzi wa aina hiyo utaratibu unaofaa, pale inapowezekana.

Ufanye nini?

Usikae kimya ukidhani haikuhusu. Corona siyo chanjo pekee, vyuo vingi hudai hata ya surua. Angalia sheria ya jimbo chuo kilipo, kisha uliza mapema fomu ya kuomba kusamehewa na mwisho wa kuirudisha. Na kumbuka: chuo binafsi kina kanuni zake, kwa hiyo aliyoyapata rafiki yako kule siyo lazima uyapate wewe.